Twende Tukashangilie, Turudi Sote Nyumbani

Hotuba ya Afisa wa Uhusiano wa Polisi kwa wananchi wa Bulumbi, wilayani Busia



Afisa wa polisi anaposimama mbele ya wananchi wa mpakani, hutarajiwa azungumze juu ya magendo, njia za panya na wizi wa mifugo. Leo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya furaha: ya kwenda uwanjani, ya kutazama mpira kibandani, ya kucheza muziki mpaka usiku wa manane. Nimeichagua mada hii kwa sababu tarehe 27 Septemba 2023 Shirikisho la Soka la Afrika, CAF, lilizikabidhi Kenya, Tanzania na Uganda uenyeji wa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za 2027. Mashabiki wengi watakaosafiri kwa barabara kati ya Kampala na Nairobi watapita Busia au Malaba. Vijana wetu watakwenda, na wageni watapita kwetu. Yafaa tuzungumze mapema, wakati bado tuna utulivu wa kufikiri.

Sina haja ya kuwafundisha watu wa mpaka huu maana ya mpira. Wasamia wako pande zote mbili, Wateso wako pande zote mbili, na kutoka hapa hadi Tororo kwa ndugu zetu Wajopadhola hakuna kijiji kisicho na mkwe ng'ambo. Ziko nyumba ambamo baba ni wa Cranes, mama ni wa Harambee Stars, na watoto humfuata yule aliyewanunulia fulana.

Wengi wenu mnaikumbuka tarehe 8 Oktoba 2011. Uganda na Kenya zilikutana Namboole, na Uganda ilihitaji ushindi tu ili ifuzu fainali za Afrika, ambazo haikuwa imeonekana huko tangu 1978. Mechi iliisha bila bao. Kwa watu wa mpakani sare ile ilikuwa na ladha mbili, maana huku walilia na kule walicheka, nao ni watu wa chungu kimoja. Miaka mitano baadaye, tarehe 4 Septemba 2016, katika uwanja uleule, Farouk Miya alifunga bao pekee dhidi ya Komoro, na Uganda ikafuzu fainali za 2017, miaka 39 baada ya zile za 1978.

Siku hiyo nilikuwa kazini Namboole. Askari wa ulinzi uwanjani huupa mchezo mgongo na kuwatazama watu, kwa hiyo bao sikuliona. Niliziona nyuso za waliokuwa wakiliona. Mzee mmoja wa mstari wa mbele alivua kofia yake, akaikumbatia kifuani, akalia bila kuona haya mbele ya wajukuu wake. Nawaeleza hayo ili ieleweke kwamba polisi hatuoni mkusanyiko wa watu kuwa ni kosa. Sisi wenyewe ni wapenzi wa mchezo, na timu yetu ya Police FC ilitwaa Kombe la Kagame mwaka 2006. Tukiwauliza ni watu wangapi watakuja na milango iko mingapi, hatuna nia ya kuwaharibia sherehe.

Ndugu wananchi, yapo matukio mengine ambayo nayo hayasahauliki, lakini kwa uchungu.

Usiku wa tarehe 11 Julai 2010, dunia nzima ilikuwa ikitazama fainali ya Kombe la Dunia kati ya Uhispania na Uholanzi, iliyochezwa Johannesburg. Kampala watu walikusanyika mbele ya skrini katika mkahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, na katika uwanja wa raga wa Kyadondo. Mabomu yalilipuka katika sehemu zote mbili, na watu zaidi ya 70 wakauawa. Al-Shabaab walidai kuhusika. Siku iliyofuata, mkanda wa mabomu ambao haukulipuka ulipatikana katika ukumbi wa disko, Makindye. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Uganda iliwatia hatiani watu saba kwa ugaidi. Wale waliokufa hawakuwa na ugomvi na mtu. Walikwenda kutazama mpira.

Mwaka huohuo, tarehe 23 Oktoba, Nairobi kulikuwa na mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards katika uwanja wa Nyayo. Hii ndiyo mechi inayoitwa ya mashemeji, na hapa Bulumbi sidhani kuna boma lisilo na shabiki wa upande mmojawapo. Siku hiyo hapakuwa na bomu wala bunduki. Palikuwa na lango, umati uliotaka kuingia, na msukumano. Watu saba walikufa.

Usiku wa kuamkia tarehe 1 Januari 2023, katika jengo la Freedom City, barabara ya Entebbe, watu walikuwa katika onyesho la muziki la kuupokea mwaka mpya. Saa sita usiku fataki ziliporushwa, wengi walikimbilia nje kwa pamoja wazione, wakipitia njia nyembamba. Watu wasiopungua 9 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa watoto na vijana. Na Tabora, Tanzania, tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa ndani ya ukumbi wa disko uliojazwa kupita kiasi. Wazazi wao walikuwa wamewavika nguo mpya na kuwapa pesa ya kiingilio.

Nawaomba mtazame tofauti iliyopo. Kyadondo na Kabalagala waliua wauaji. Nyayo, Freedom City na Tabora hapakuwa na muuaji. Paliua nafasi ndogo, mlango mmoja, na haraka ya watu wengi kwa wakati mmoja. Sisi tumezoea kumwogopa mtu mbaya, na ni haki yetu kumwogopa. Lakini hatujazoea kuuogopa mlango mwembamba, ambao tunao hapa kijijini kila Jumamosi.

Niruhusuni nieleze jinsi umati unavyoua, maana wengi hudhani watu hufa kwa kukanyagwa. Wako wanaokanyagwa, lakini wengi hufa wakiwa wamesimama. Katika eneo la mita moja ya mraba, watu wanne bado wanaweza kutembea. Wakifika sita au saba, mwili haumtii tena mwenyewe. Unakwenda unakosukumwa. Kifua hubanwa mbele na nyuma, mapafu hayapati nafasi ya kutanuka, na pumzi hukatika. Walio nyuma hawajui yanayotokea mbele, kwa hiyo huendelea kusukuma bila nia mbaya, wakifikiri foleni imechelewa tu. Kwa sababu hiyo, mtu mwema kabisa anaweza kuwa sehemu ya msukumo unaomuua jirani yake asiyemwona.

Sasa turudi nyumbani. Uwanja mkubwa una geti nyingi, askari na magari ya wagonjwa. Je, vibanda vyetu vya video vina nini? Kibanda cha kawaida kina kuta za mabati au matofali, mabenchi yaliyosongamana, jenereta iliyowekwa karibu na ukuta, mtungi wa petroli kando yake, na mlango mmoja. Mlango huo huo ndipo anapoketi mkusanya pesa, na siku ya mechi kubwa hufungwa kwa ndani ili wasiolipa wasiingie. Ikitokea cheche moja, au mtu mmoja akapiga ukelele wa nyoka, watu 150 watauendea mlango huo kwa pamoja. Sisemi haya kumtisha mtu wala kumnyima riziki. Mwenye kibanda ni mlipa kodi na kibanda chake ndicho uwanja wa maskini. Nasema kwa sababu mlango wa pili ni mabati machache na siku moja ya fundi.

Nizungumzie pia disko matanga. Kukesha na wafiwa ni mila yetu njema, na ngoma za kumwaga mzee aliyeshiba siku ni heshima. Lakini muziki wa spika kubwa usiku kucha, watoto wa shule wakiwa gizani pamoja na walevi, hiyo si heshima kwa marehemu. Upande wa Kenya viongozi wa utawala wamepiga marufuku disko hizo mara nyingi, kwa sababu ya wasichana wadogo waliorudi nyumbani wakiwa wameharibiwa maisha. Marufuku ya upande mmoja huusukuma muziki upande wa pili. Spika zikizimwa kule, huwashwa huku, na wasichana huvuka usiku kuzifuata. Kwa hiyo wenyeviti wa LC1 na machifu wa ng'ambo hawana budi kuwasiliana, na familia yenye msiba isione aibu kusema: ngoma yetu itakwisha saa fulani, na mtoto asiye na mzazi wake hapa arudi nyumbani.

Baada ya hayo, nina maombi machache.

Kwa watazamaji: ukiingia popote palipo na watu wengi, tafuta kwanza mlango wa kutokea, kisha utafute mahali pa kuketi. Mlango ulioingilia si lazima uwe ndio wa karibu. Ukiona unabanwa, usisubiri mpaka ushindwe kupumua. Ondoka mapema. Weka mikono mbele ya kifua kama bondia, ujihifadhie nafasi ya pumzi. Usishindane na msukumo uso kwa uso. Subiri ulegee, kisha ujisogeze kwa mshazari kuelekea pembeni, lakini usiegemee ukuta wala uzio. Simu ikianguka, iache. Simu hununuliwa tena, na wengi walioinama kuokota kitu hawakuinuka. Mtu akianguka karibu nawe, mnyanyue upesi, kwa kuwa mmoja akilala wengine humwangukia. Kama huna tiketi na geti limefungwa, rudi nyumbani ukasikilize redioni. Agosti 2025, katika mashindano ya CHAN, mashabiki wasio na tiketi waliingia kwa nguvu Kasarani, na CAF ikapunguza watazamaji wa mechi ya Kenya na Zambia hadi 27,000. Maelfu ya watu waaminifu walikosa nafasi kwa sababu ya wale waliovunja utaratibu.

Kwa wazazi: mtoto mdogo asiende kwenye tamasha bila mtu mzima anayewajibika. Mwandikie namba ya simu yako mkononi au kwenye karatasi iliyo mfukoni mwake, na mkubaliane mahali pa kukutana mkipoteana. Chagueni mti, nguzo au duka. Msichague geti, maana geti ndipo penye msongamano.

Kwa wenye vibanda na waandaaji wa ligi za kijiji na matamasha: jueni ukumbi wenu unatosha watu wangapi, na wakifikia idadi hiyo msiuze tena. Mlango usifungwe kwa kufuli watu wakiwa ndani. Jenereta na mafuta yake vikae mbali na njia ya kutokea. Wekeni ndoo za mchanga. Mpeni mtu mmoja mwenye sauti kazi ya kuwaongoza watu kutoka, safu kwa safu, na taa ziwashwe kabla mechi haijaisha. Katika viwanja vyetu vya shule, ambavyo havina ukuta, chora mstari wa chokaa na kamba ya kuwatenga watazamaji na wachezaji, na msimpe refa kazi ya kukimbia. Tujulisheni siku kadhaa kabla, si saa moja baada ya fujo kuanza. Taarifa hiyo hailipiwi, na afisa atakayewadai pesa kwa kuipokea, leteni malalamiko yenu ofisini kwetu.

Kwa wote: mkoba usio na mwenyewe msiuguse wala msiufungue. Sogezeni watu kimya kimya, kisha piga simu 999 au 112. Namba hizo zinafanya kazi Uganda na Kenya pia. Kukaguliwa mlangoni kusiwaudhi. Tangu 2010 tumejua kwa nini tunakagua.

Nije sasa kwenye safari za kuvuka mpaka. Watu wengi leo wanatumia neno boda boda, na neno hilo lilizaliwa hapa Busia, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha abiria kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine. Sisi ndio watu wa kuvuka. Tangu 2014 raia wa Uganda na Kenya anaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa, na tangu Februari 2018 kituo chetu cha pamoja cha Busia kimezinduliwa rasmi, ambapo taratibu za nchi zote mbili hukamilishwa mahali pamoja. Hata hivyo, siku za mechi bado tunaona vijana wakipitia njia za panya kwa kuogopa foleni ya dakika chache.

Nawaomba mfikirie jambo moja. Aliyepita kituoni ameacha jina lake. Likitokea la kutokea katika uwanja wa mbali, jina hilo litawasaidia jamaa zake kumtafuta, na ubalozi utakuwa na pa kuanzia. Aliyepita kichakani hajulikani alikokwenda, na mama yake atazunguka hospitali za nchi mbili akiwa na picha mkononi. Tena wako watu wabaya wanaowahadaa wasichana na wavulana kwa ahadi ya tamasha au ya majaribio ya timu kubwa, kisha huwapitisha njia hizohizo ili wasionekane. Kijana akiambiwa atapelekwa kwenye timu lakini asipite kituoni, hiyo si timu.

Na barabara nayo ni sehemu ya mechi. Kutoka hapa hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Mechi ya usiku huisha watu wamechoka, dereva amekesha akishangilia kama wao, na malori yaliyoharibika yamesimama bila taa. Mkikodi gari, kodini na dereva wa pili, au lipieni malazi ya usiku mmoja. Mkishindwa yote mawili, kibanda cha hapa Bulumbi chenye milango miwili kinawatosha.

Mwisho, nisiwape wananchi mzigo wote nikawasahau wenye sare. Tarehe 9 Mei 2001, katika uwanja wa Accra, Ghana, mashabiki wa Asante Kotoko waliokuwa wakishindwa na Hearts of Oak waling'oa viti na kuvirusha. Polisi wakajibu kwa mabomu ya machozi ndani ya jukwaa. Umati ulikimbilia milangoni, na baadhi ya milango ilikuwa imefungwa. Watu 126 walikufa. Waliorusha viti walikosa, lakini vilivyoua si viti. Kwa askari yeyote wa ulinzi wa umati, tukio hilo ni somo la kwanza na la mwisho: kabla ya kuwasogeza watu, hakikisha wana mahali pa kwenda. Nanyi mna haki ya kutudai. Mkiona geti limefungwa na askari amesimama hapo, mwambieni kwa heshima: "Afande, watu watatokea wapi?" Ni swali halali, na inampasa awe na jibu.

Mheshimiwa Mwenyekiti, kabla hatujatawanyika, ombi langu ni dogo na linaweza kutimizwa juma hili. Mwenyekiti wa kila LC1 aliyepo hapa apite katika vibanda na kumbi za kijiji chake, pamoja na mwenyewe na afisa wetu wa jamii, wahesabu milango. Pasipo na wa pili, tukubaliane siku ya kuukata, kabla ya mechi kubwa ijayo. Tukifika 2027 tukiwa tumezoea kujiuliza tutatokea wapi, Namboole, Hoima na Nairobi hapatatushinda.

Timu zetu zishinde au zishindwe, hilo ni la wachezaji na la Mungu. Kuhakikisha kila aliyetoka nyumbani amerudi na anasimulia, hilo ni letu sisi sote.